Kuwasha friji na taa kwa Prius umeme unapokatika: hatua kwa hatua

Umeme ukikatika Tanga, joto halisubiri. Samaki uliyemnunua Deep Sea asubuhi hafiki kesho, na mgonjwa mwenye insulini kwenye friji ana hali mbaya zaidi. Lakini kama uani kuna Prius, gari la haibridi (lenye injini ya petroli na mota za umeme), jenereta tayari unayo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani na kazi hii naifanyia wateja. Naieleza kwa kirefu kwa sababu ikifanywa ovyo inaua.

Kwanza lijue gari lako. Chini ya boneti Prius ina inveta yake kubwa, inayochukua umeme wa betri kubwa (volti 201.6 kwa toleo la pili na la tatu) na kuzungusha mota za gari. Hiyo si ya kuchezea. Waya zake ni za rangi ya chungwa, na waya wa chungwa haushikwi na asiyefunzwa kazi ya haibridi, hata gari likiwa limezimwa. Sisi tunatumia upande wa volti 12. Prius haina oltaneta. Ina kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa hadi kama volti 14 na kuchaji betri ndogo, ambayo kwa matoleo hayo mawili iko kwenye buti, upande wa kulia. Inveta ya dukani, inayogeuza volti 12 kuwa umeme wa nyumbani, tunaifunga kwenye betri hiyo ndogo. Betri kubwa ikishuka, injini inawaka yenyewe, inachaji, kisha inazima.

Usidhani betri kubwa ndiyo itakayokupa umeme usiku kucha. Yote ikijaa ni uniti 1.3 hivi za LUKU, na kompyuta ya gari inaruhusu sehemu tu itumike. Umeme wako unatoka kwenye petroli, betri ni kituo cha njiani.

Hatua ya 1: piga hesabu. Soma wati nyuma ya kila kifaa. Friji ya kawaida hutumia kati ya wati 100 na 150, feni 50 hadi 70, taa ya LED 9, ruta kama 10. Birika, pasi na jiko la umeme visahau kabisa. Jumla isizidi wati 600. Kumbuka friji ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa sekunde moja au mbili, kwa hiyo nunua inveta ya wati 800 au 1000 inayotoa mawimbi laini kama ya TANESCO, volti 230. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi-ngazi huifanya mota ya friji ivume na kupata moto. Hapo usibane pesa.

Hatua ya 2: waya na fyuzi. Wati 600 ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea 50, na upotevu wa inveta unaongeza nyingine. Waya mwembamba utayeyuka. Tumia waya wa shaba wa milimita 25 za mraba, mfupi, usizidi mita moja na nusu, wenye lagi (vichwa vya chuma vya kufungia waya) zilizobanwa kwa mashine, si kusokotwa kwa mkono. Kwenye waya wa chanya weka fyuzi ya ampea 80, isiwe mbali na betri zaidi ya shibiri moja. Hewa yetu ya chumvi hula lagi haraka; zipake grisi, na kila mara kabla ya kutumia angalia kama zimeota ukungu wa kijani.

Hatua ya 3: kufunga. Zima gari, inveta iwe imezimwa. Funga chanya kwanza kwa spana namba 10. Hasi ifunge mwisho, kwenye boliti ya bodi iliyo tupu bila rangi, mbali kidogo na betri. Cheche ndogo hapo ni ya kawaida.

Hatua ya 4: gari liwe nje, kabisa. Si baraza lililofunikwa, si chini ya dirisha la chumba. Injini itawaka yenyewe mkiwa mmelala, na moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu.

Hatua ya 5: washa. Weka P, kanyaga pedali ya breki ya kuegesha (Prius haina ya mkono), kisha kanyaga breki ya kawaida na ubonyeze kitufe mpaka dashibodi iandike READY. Hapa ndipo wengi hukwama: wanabonyeza bila kukanyaga breki, redio inawaka, wanadhani tayari, kumbe betri ndogo inaliwa peke yake. Weka mita ya volti kwenye betri ndogo. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5, READY imekubali. Ikisoma 12 na kitu na inashuka, anza upya. Zima AC ya gari, na usiweke mzigo mbele ya tundu la hewa pembeni mwa kiti cha nyuma. Betri kubwa inapoa kwa hewa hiyo.

Hatua ya 6: peleka umeme ndani kwa ekstensheni nene, ikunjuliwe yote isije ikapata moto. Washa friji peke yake, isubiri itulie, kisha vingine. Kamwe usichomeke umeme huu kwenye soketi ya ukutani ili ulishe nyumba nzima. Umeme utapanda hadi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda kuwatengenezea nyaya. Anayetaka nyumba nzima aite fundi mwenye leseni amfungie chenjova, swichi inayotenga nyumba na laini ya TANESCO.

Gari lako likiwa na soketi yake ya kiwandani, kama Estima za haibridi, hiyo ni ya Japani: volti 100, mwisho wati 1500. Friji ya hapa haitafanya kazi humo bila transfoma ya kupandisha.

Petroli isishuke chini ya robo. Ikiisha, betri kubwa itakauka, na hiyo haiamshwi kwa kuchukua umeme wa gari la jirani. Ukimaliza, zima vifaa, kisha inveta, kisha gari, halafu fungua hasi kwanza.