Chemsha kipande cha plaiwudi kabla hujakata shiti nzima

Kama unarekebisha boti na umeuziwa plaiwudi ya marini, usiamini muhuri wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti) peke yake maana muhuri ni wino tu, yeyote anaweza kugonga. Kata kipande cha kama kiganja, kitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kibane na jiwe kisielee, kiache saa kadhaa, kitoe ukaushe kabisa halafu uchemshe tena. Kikikauka mara ya pili chomeka ncha ya kisu kati ya matabaka ukibandue. Gundi nzuri isiyopitisha maji haiachii, mbao zenyewe ndo zinachanika nyuzi nyuzi, ila gundi ya plaiwudi ya matumizi ya ndani ya nyumba inaachia, tabaka zinafunguka zenyewe hata kisu hakina kazi. Hiyo raundi ya kukausha usiiruke, mbao inapovimba na kusinyaa inaivuta gundi kwelikweli, kama itakavyokuwa boti ikikaa majini na juani.

Ila hapa unapima gundi tu. Mashimo ya tabaka za ndani huyaoni, na ndo maji yanapojificha ubao uoze ukiwa umeshapaka epoksi (gundi ngumu ya kuzuia maji) juu, kwahiyo angalia kingo zote nne na ugonge shiti nzima kwa sarafu, penye uwazi sauti inabadilika. Mbao laini inayooza haraka nayo inafaulu sufuria vizuri tu, hapo muulize muuzaji ni mti gani, akibabaika achana naye.