Picha ya marehemu ilazwe juu ya keria
Kwa wanaojiandaa kuendesha baiskeli kutoka Mwanza hadi Musoma kuwakumbuka ndugu waliofariki kwa saratani na kuchangisha fedha za matibabu: picha ya marehemu iliyotiwa plastiki msiibandike mgongoni, bali ilazeni juu ya keria na kuikaza kwa kamba ya mpira. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na plastiki mgongoni hulizuia, hivyo mwendeshaji huchoka mapema, hata kabla ya kuona Bunda. Ikisimamishwa kama bendera, upepo wa ziwani unaovuma mchana kuelekea nchi kavu huiyumbisha baiskeli. Keria ikiwa na mizigo, njia hii haifai; hapo picha ndogo ya pasipoti mfukoni inatosha, ingawa watazamaji hawataiona.