Kutoka shule moja hadi kata nzima: namna ya kusambaza mbinu ya kufundisha iliyofanya kazi

Mwongozo huu ni wa Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu au mkufunzi mwenye shule moja au mbili zilizofanya vizuri, naye ameambiwa azipeleke mbinu zake kwa wengine. Mfano wangu ni kuwapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa uwezo wao wa kusoma, saa moja kila siku, bila kujali yupo darasa gani. Mbinu hii ilianzia India, kwa shirika la Pratham.

Hatua ya 1: Jua kilicholeta matokeo

Kabla ya kuitisha semina, nenda ukakae nyuma ya darasa kwenye shule iliyofanikiwa. Uliza nani alikuwa anakuja kila wiki, nani alinunua manila na kalamu, nani alilipa chai ya walimu. Wakenya walijaribu mpango wa walimu wa mkataba: uliposimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, alama za watoto zilipanda; uliposimamiwa na serikali, hazikupanda. Kwa hiyo orodhesha kila kitu, kisha kata vyote ambavyo halmashauri haitavilipia mwakani. Kilichobaki ndicho cha kusambaza. Kama hakuna kilichobaki, ni heri ulijue sasa.

Hatua ya 2: Ipunguze ienee ukurasa mmoja

Mwalimu mwenye watoto mia darasani hasomi kitabu cha mwongozo usiku. Mwandikie mambo manne: pima, panga, fundisha, pima tena. Kadi za kuchapwa ziwe maboksi yaliyokatwa na kuandikwa kwa kalamu ya wino.

Kupima nako kuwe kwepesi. Mpe mtoto aya fupi. Akiisoma bila kukwamakwama, mpe hadithi. Aya ikimshinda, rudi kwenye maneno: achague matano, akipata manne yuko kundi la neno. Yakimshinda, shuka silabi. Mpime mmoja mmoja, mbali na wenzake, maana wa tatu kwenye foleni atakuwa ameshaikariri aya yote kwa kuisikia.

Hatua ya 3: Ijaribu kwenye shule ya kawaida

Chagua shule isiyo na mfadhili, iliyo mbali na barabara, yenye walimu wachache na mwalimu mkuu asiye na shauku sana. Waachie muhula mmoja. Watakapokwama, rekebisha ukurasa wako, walimu waache.

Hatua ya 4: Panga ziara kabla ya semina

Hapa ndipo kazi ilipo. Tusome, mpango wa Kenya wa kufundisha kusoma madarasa ya mwanzo, ulipoingia shule za msingi za umma nchi nzima mwaka 2015, baada ya majaribio ya mradi uliotangulia, PRIMR, vitabu vilisaidia, lakini walikuwepo pia maafisa wa mitaala waliopewa tableti, wakakaa darasani, wakawasikiliza watoto wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu. Kwetu Tanzania Maafisa Elimu Kata waligawiwa pikipiki. Pikipiki bila mafuta haifiki shuleni, na fungu la mafuta ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikibana. Lipiganie kabla ya posho za semina.

Ukifika darasani, usianze na andalio la somo. Subiri watoto waitikie ubaoni kwa pamoja, kisha waite watatu wa nyuma na uwaonyeshe neno la katikati ya sentensi. Waliokariri wataanza kuisoma sentensi tangu mwanzo. Baada ya kipindi, mwambie mwalimu jambo moja zuri na moja la kubadilisha, basi. Ukimpa saba hatashika hata moja, na ziara ijayo atakukimbia.

Hatua ya 5: Ipachike kwenye mambo yaliyopo

Saa hiyo iandikwe kwenye ratiba ya shule, isiwe "ya mradi". Mazungumzo ya walimu yaingie kwenye Jumuiya za Ujifunzaji za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambazo tayari zina siku zao. Ongea mapema na Mthibiti Ubora wa Shule, yule anayekagua ufundishaji, asije akamuuliza mwalimu kwa nini watoto wa darasa la tano wamechanganywa na wa tatu.

Hatua ya 6: Linda takwimu na makabidhiano

Takwimu za makundi zibaki za kumsaidia mwalimu. Siku utakayozisoma shule za mwisho kwa majina kwenye kikao cha kata, jua muhula unaofuata hutaona mtoto wa silabi hata mmoja kwenye karatasi. Kila muhula wapime upya watoto wachache mwenyewe, ulinganishe.

Na uhamisho upo, hauna msimu. Kila shule iwe na walimu wawili wanaoiweza kazi hii, na anayehama akabidhi daftari la makundi kwa mwalimu wa taaluma kabla barua yake haijasainiwa.