Kutambua kisu cha mfukoni cha vifaa vingi kabla hujatoa pesa

Mimi nanoa visu hapa Kibuye, Kisumu, na kila mara naletewa kale kakisu kekundu ka msalaba, mwenyewe ananiapia ni orijino ya Uswisi. Jameni, rangi na msalaba ndio kitu rahisi kabisa kuiga, wewe angalia vile kimeundwa.

Kwanza, kikiwa kimefungwa, kiweke kwa rula ya shule. Victorinox, kampuni ya Uswisi inayounda hivi visu, ya kawaida ni milimita 91, ile ndogo ya kuning'iniza na funguo, Classic, ni 58. Msalaba wa Victorinox unakaa ndani ya ngao, wa Wenger, kampuni nyingine ya Uswisi, unakaa kwa kamraba kenye pembe laini. Ukipata Wenger usidhani ni feki, hiyo kampuni ilinunuliwa na Victorinox 2005.

Pili, fungua blade kubwa usome maandishi pale inapoingia kwa mpini, yanafaa yawe yamegongwa kwa chuma, si ya rangi.

Tatu, hapa usiharakishe. Geuza kisu uhesabu springi mgongoni. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alisajili kisu chake cha maofisa tarehe 12 Juni 1897 na ujanja wote uko hapo, springi ileile inashikilia vifaa vya tumboni na vya mgongoni. Modeli ya Victorinox inayoitwa Spartan iko na springi mbili, tumboni blade mbili, opena ya chupa na kifungua mkebe, mgongoni kizibuo na chuma cha kutobolea, basi. Sasa funga blade polepole, ikikaribia mwisho springi iivute yenyewe, tak! Halafu ifungue uisukume kando kwa kidole gumba. Isicheze hata kidogo. Mwaka jana nilinunua moja stendi bila kuijaribu, blade ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, nikikata kamba ikanifungia kidole, kovu bado liko.

Nne, kama ndani kuna plaisi kubwa na mikono miwili ya kukunjua, huo ni ukoo mwingine, wa Tim Leatherman wa Portland, Marekani, aliyeanza kuuza yake 1983. Hiyo ya kwanza, PST, lazima ukunjue mikono ndio ufikie kisu. Modeli yake ya Wave ya 1998 blade ziko nje, unafungua na gumba plaisi ikiwa bado imefungwa, na kwa mvuvi wa Dunga ambaye mkono mmoja umeshika wavu mimi naona hakuna ya kuishinda. MP600 ya kampuni ya Gerber nayo plaisi haikunjuki, inateleza mbele, ukiirusha mkono inachomoka.

Ukishanunua, ioshe. Maji ya vuguvugu na sabuni, fungua funga kila kifaa humo ndani mpaka mchanga utoke, kausha vizuri, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo. Ya kupikia usiweke, yanaganda na springi inakuwa nzito.