Somo: kipima mvua cha chupa ya maji, ujue shamba lako limepata milimita ngapi

Msimu mmoja nilipanda mahindi kesho yake baada ya mvua ya kwanza. Ilipiga bati jioni nzima, ndani hatukusikilizana, asubuhi kila niliyekutana naye njiani anasema "safari hii imeshuka". Mbegu zikachipua vizuri. Halafu jua likawaka karibu wiki mbili, na shamba likawa kama limepitiwa na moto. Baadaye, nilipopata kipimo changu, niligundua kelele za namna ile mara nyingi ni milimita sita au saba tu. Bati hudanganya masikio.

Sisi wa Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Wenzetu wa kaskazini wakikosea vuli wana masika mbele, sisi ukikosea umekosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutupa mwelekeo wa msimu kwa mkoa, na ni vizuri kuusikiliza, lakini mvua ya huku hunyesha kwa mapande. Mtama mjini inamwagika, jirani hapo Nyangao watu wanaanika nguo. Shamba lako utalipimia wewe.

Kabla hatujakata chupa, shika jambo hili moja: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Hesabu zote zitakazokuja zinatoka hapo.

Vitu vya kuandaa

Chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo ubavu wake umenyooka. Nyingi zina matuta au zimebanwa kiunoni kama soda, hizo ziache. Wembe au kisu kikali, rula, kalamu ya maka, selotepu pana, saruji kiasi cha kikombe na mchanga vikombe viwili, bomba la sindano la mililita 20 (duka la dawa wanauza), mti wa kusimika, na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hatua ya 1: kukata. Kata chupa pale inapoanza kunywea kuelekea shingoni. Zungushia selotepu kwanza ukate juu ya ukingo wake, utapata mstari ulionyooka. Toa kizibo. Sehemu ya juu igeuze kichwa chini uiingize ndani ya chupa, iwe mrija wa kupokea mvua. Kazi yake nyingine ni kuzuia maji yasikaushwe na jua. Kingo mbili zikae sawa, ufunge kwa selotepu lakini si kwa nguvu, maana utaufungua kila siku.

Hatua ya 2: kitako. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kitako cha chupa kina mabonde na vidole, maji ya kwanza yanajificha humo na kipimo chako kinasema uongo kuanzia siku ya kwanza. Wengine huweka kokoto na maji hadi juu ya mabonde, wakachora sifuri hapo. Inafanya kazi, ila maji hayo yanakauka, inabidi uongeze kila mara, na mbu wanayapenda. Mimi nilijaribu nta ya mshumaa nikaimimina ingali ya moto. Chupa ikajikunja kama jani la mgomba, nikaanza upya na chupa nyingine.

Siku hizi naweka saruji. Koroga na mchanga uwe uji mzito, mimina hadi mabonde yote yafunikwe, gongagonga chupa juu ya meza ili usawa upatikane, acha siku mbili. Ikikauka jaza maji usiku mmoja ishibe, kisha mwaga. Faida ya pili ni uzito: upepo hauiondoi.

Hatua ya 3: kuchora milimita. Sifuri ni juu ya saruji. Kwa kuwa mdomo na ubavu ni upana uleule, milimita ya rula ndiyo milimita ya mvua. Chora mstari kila milimita 5, mrefu kidogo kwenye kila 10, kisha funika kwa selotepu ili maka isifutike.

Usiamini rula peke yake, hakiki kwa maji. Pima upana wa mdomo. Wa kwangu ni sentimita 9, yaani nusu yake 4.5. Zidisha 4.5 kwa 4.5, halafu kwa 3.14, unapata eneo la sentimita za mraba 63.6. Kwa hiyo milimita 10 za mvua ni mililita 63.6 za maji, tuseme 64. Vuta kwa bomba la sindano mara tatu likiwa limejaa, ongeza 4, mimina. Maji yakifika kwenye 10, chupa yako ni ya kweli. Yasipofika au yakizidi, chora upya kwa kufuata maji. Rula achana nayo.

Hatua ya 4: mahali. Tafuta uwazi. Kanuni ni kukaa mbali na kizuizi mara mbili ya urefu wake au zaidi: mkorosho wa mita 6, nenda mita 12. Simika mti, funga chupa kwa mipira ya tyubu, mdomo uwe kama mita moja kutoka chini na uzidi kichwa cha mti kwa shubiri. Ukiufunga chini ya kichwa cha mti, matone yanagonga mti na kurukia ndani. Chupa isimame wima kabisa. Na mbuzi wafikirie mapema, hawana heshima kwa sayansi.

Hatua ya 5: kusoma. Kila siku saa 3 asubuhi, hata kama haikunyesha. Toa mrija, weka jicho usawa wa maji. Utaona maji yamepanda kidogo pembeni. Soma pale katikati palipo chini. Andika kwenye daftari tarehe na milimita, mwaga, rudisha. Siku kavu andika 0, usiache wazi, maana mwezi ujao hutajua kama haikunyesha au ulisahau.

Maswali ya wanakikundi

*Mama mmoja wa Newala:* Shikamoo mwalimu. Mimi shida yangu ni maji ya kunywa, si shamba. Kipimo hiki kitanisaidia nini na tanki langu?

Marahaba mama. Kwenu huko juu, ambako mchanga unanyonya yote na visima ni shida, ndiko kinakofaa zaidi. Pima eneo la ardhi linalofunikwa na bati, si mteremko wa bati lenyewe. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ni lita 480. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kuvuja kwenye mfereji, unabaki na kama lita 380. Utajua kabla hujafungua mfuniko. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, usiiingize tankini.

*Kijana wa Kilwa:* Kaka, nina ndoo ya rangi ya lita 10. Si itakusanya zaidi na kuwa sahihi zaidi?

Itakusanya maji mengi, ila kina hakiongezeki kwa sababu ya upana. Tatizo la ndoo ni kwamba chini ni nyembamba kuliko juu, kwa hiyo rula itakuambia mvua kubwa kuliko iliyonyesha. Kama unaipenda, pima maji yake kwa mililita, ugawanye kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, kisha zidisha kwa 10. Hapo ni sahihi.

*Mwalimu wa shule ya msingi, Nachingwea:* Wanafunzi hawaji Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tugawanye kwa siku tatu?

Hapana mwalimu, usigawanye, utakuwa unabuni mvua. Andika namba nzima Jumatatu na pembeni "jumla ya siku 3". Tia matone mawili ya mafuta ya kula ndani ya chupa Ijumaa, yatatandaa juu ya maji na kupunguza ukaukaji.

*Mkulima wa ufuta, Ruangwa:* Sema wazi, milimita ngapi ndiyo nipande?

Kipimo kinachotumika sana ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili tatu. Mimi hata nikizipata nachukua panga nachimba: kama unyevu haujafika kina cha kiganja, nasubiri. Mchanga mwepesi na udongo mweusi wa bondeni havinywi sawa. Ufuta nao usiuweke panapotuama maji, utaoza mizizi.

*Yuleyule wa Kilwa:* Ikija kama ya Hidaya, chupa si itafurika?

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wenu, chupa ya namna hii ingehitaji kusomwa zaidi ya mara moja kwa siku. Chupa yangu inafika milimita 180 hivi. Siku ya mvua kubwa soma jioni ukamwage, soma tena saa 3 asubuhi, ujumlishe. Ila kama upepo umeanza kurusha mabati, kaa ndani. Andika tu "ilizidi".

*Dada wa Mikindani:* Chupa inadumu muda gani?

Msimu mmoja. Jua huifanya iwe ngumu na kupasuka. Kabla ya Novemba kata nyingine, na uihakiki upya kwa bomba la sindano, kwa sababu chupa mbili za kampuni moja si lazima zilingane upana.