Somo: Kutunza kinamasi cha mtaa, kijito na njia ya miguu (msifyeke kabla hamjasoma)

Kila mwaka mwezi wa pili ukiingia, simu yangu hujaa swali lilelile: "Tunataka kusafisha bwawa letu la mtaa kabla ya masika, tuanzie wapi?" Nimelijibu vikaoni, njiani, hadi msibani. Leo naliandika lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Niko Moshi. Kikundi chetu cha mtaa kinatunza eneo la wazi lenye kijito, kinamasi cha kama ekari mbili na njia ya miguu inayopita ukingoni. Mji wetu umekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mvua ikipiga vijijini juu, maji yanatufikia kwa kasi yakiwa na udongo na chupa, kisha yanashuka kwenye majaruba ya mpunga upande wa Mabogini. Kinamasi ndipo yanapopunguza mwendo na kuacha tope. Kwa hiyo neno "kusafisha" naomba mliweke pembeni. Kuokota taka ni kazi moja, kutunza mimea ni kazi nyingine, na kuzichanganya ndiko kulikotuponza.

Hatua ya 1: Ruhusa. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa mazingira wa manispaa, na ofisi ya bonde la maji (kwetu ni Bonde la Pangani). Ombeni kwa barua, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki kwenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuudhuru.

Hatua ya 2: Tembeleeni eneo mvua ikinyesha. Si siku ya pili yake, ikinyesha. Chomekeni vigingi maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Vigingi hivyo vitawafaa kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 3: Taka. Okoteni, chupa wapeni wanaonunua kwa kilo, zilizobaki ziende dampo. Vaeni gambuti na glavu: kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho, na homa ya mgunda iliyosikika Lindi mwaka 2022 hupitia kwenye maji yenye mkojo wa panya.

Hatua ya 4: Kukata matete. Hapa ndipo tulipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Mwaka wetu wa pili tuliitisha msaragambo (kazi ya pamoja ya mtaa) katikati ya Machi. Watu walijitokeza wengi na panga zao, na kufika saa sita mchana ukingo mzima ulikuwa mweupe. Tulikata matete hadi usawa wa ardhi, tukayachoma, tukapiga picha, tukapongezana. Baada ya wiki tatu masika yakashuka. Maji yakapanda juu ya visiki, yakakaa hapo. Mwezi wa tano tulipokwenda kuangalia, visiki vilikuwa vimeoza, ukivuta vinakuja na mkono. Ukingo usio na mizizi ukameguka. Karibu mita nane za njia ziliingia kijitoni pamoja na mkuyu mchanga tulioupanda wenyewe. Tope likashuka kwa wakulima wa mpunga. Walipokuja kutuuliza tumefanya nini huku juu, hatukuwa na jibu la kuwapa.

Sababu ni hii. Tete ni mrija. Mizizi na mashina yake yaliyolala kwenye tope hayapati hewa kule chini. Hewa hushushwa na mabua yaliyosimama, hata yaliyokauka. Ukikata bua na kisiki kikabaki juu ya maji, mmea unaendelea kupumua. Ukikata chini na maji yakakifunika, umeuziba pua. Matete hayakufa kwa panga, yalikufa kwa kukosa pumzi.

Siku hizi tunakata kati ya Julai na Septemba, maji yakiwa yamepungua. Tunaangalia alama ya maji ya masika yaliyopita kwenye miti na mawe, na kisiki kinabaki juu ya alama hiyo, angalau shubiri moja. Tunakata kwa vipande: theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwakani, ili ndege na vyura wawe na pa kuhamia. Hatukati ukanda unaogusa mkondo wa kijito, hata mtu akisema unaficha wezi. Hatuchomi. Yaliyokatwa tunawapa wafugaji, au tunayafanya matandazo ya miti. Na hatukati wakati minana wamening'iniza viota. Kwenye kinamasi chetu hilo hutokea mvua zikishaanza, kwa hiyo ukifuata msimu wa kiangazi umekwepa matatizo mawili kwa pamoja.

ONYO: Msiruhusu mtu yeyote aje na katapila "kuzibua" kinamasi, hata kama ni msaada wa bure. Mkishachimba mfereji katikati, maji yote yatakimbilia humo, kandokando patakauka, na mwakani mtakuwa na korongo.

Hatua ya 5: Lantana na lusina, mimea ya kigeni inayovamia. Ng'oeni na mizizi udongo ukiwa na unyevu. Lantana ukiifyeka tu inachipua nene zaidi, na ndege wanaendelea kusambaza mbegu.

Hatua ya 6: Njia ya miguu. Adui wa njia ni maji yanayotembea juu yake. Njia isiwe bapa wala isiwe na bonde katikati. Iinamishwe kidogo kuelekea upande wa chini, kwa kila mita moja ya upana ishuke sentimita 3 hadi 5. Pimeni kwa mpira wa maji kama ule wa mafundi ujenzi, msikadirie kwa macho. Penye mteremko mkali wekeni vikinga maji vya mawe au magogo, vikatize njia kiulalo, visiwe mraba na njia. Kikikatiza mraba, tope linajaa nyuma yake na baada ya mvua tatu maji yanaruka juu. Kikikaa kiulalo, maji yanajisukumia tope nje yenyewe. Vizibueni kila mwisho wa mvua. Penye tope la kudumu, hamisheni njia. Kumwaga kifusi juu ya chemchemi ni kupoteza hela, tumelijaribu mara moja na kifusi kilizama.

Hatua ya 7: Miti. Pandeni mkuyu na msesewe karibu na maji, mringaringa kwenye ardhi iliyo kavu zaidi. Mkaratusi usisogee karibu na chemchemi, unakunywa mno. Toeni kiriba kabla ya kufukia. Kila mwaka nakuta mche umekufa na mizizi yake imejikunja ndani ya plastiki.

Hatua ya 8: Daftari. Tarehe, kazi, waliofika, kimo cha maji. Basi.

Karibuni maswali.

---

Mjumbe_Shina4: Ahsante mkuu. Sasa tukate lini? Sisi tumepanga Jumamosi hii ya usafi.

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mjumbe_Shina4: Nimeipitia juujuu, ni ndefu. Mwenyekiti ameshatangaza na watu wameshajiandaa na panga. Tukikata kidogo tu si sawa?

Mwandishi: Sisi pia tulikuwa tumeshatangaza. Masika yako mlangoni. Jumamosi hiyohiyo iwe ya kuokota taka na kuzibua vikinga maji, panga zing'oe lantana. Matete msiyaguse hadi Julai. Rudi usome hatua ya 4 yote, niliiandika ndefu kwa sababu mita nane za ukingo hazijarudi mpaka leo.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Mimi nakaa jirani na kinamasi kama hicho. Watoto wangu wameumwa malaria mara mbili mwaka jana na kila mtu anasema ni yale majani. Naelewa habari ya ukingo, lakini mbu je?

Mwandishi: Marahaba dada, pole sana kwa kuuguza. Swali lako ni la haki. Mbu wa malaria tunayemjua zaidi, Anopheles gambiae, hutafuta maji madogo yenye jua na yasiyo na kitu: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya wachoma tofali. Kinamasi kilichofunikwa na majani kina kivuli, maji yake ni ya baridi zaidi, tena kina samaki na kerengende ambao lava wao hula lava wa mbu. Ukikifyeka na ng'ombe wakaingia kukanyaga, umewatengenezea mbu mamia ya vidimbwi vyenye jua. Anza na hatua ishirini kuzunguka nyumba yako: fukia nyayo na mashimo, mwaga maji ya makopo, na chandarua kila usiku.

Daktari_wa_Zahanati: Umesema vizuri lakini si yote. Anopheles funestus, mbu mwingine wa malaria, anapenda maji ya kudumu yenye majani pembeni, hasa kiangazi. Msimwambie mama kwamba kinamasi hakina mbu kabisa.

Mwandishi: Ni kweli, na nashukuru kwa kunisahihisha. Mama Neema, chukua maneno haya pamoja na yangu. Daktari, kuna la kufanya kwa huyo funestus bila kuua kinamasi?

Daktari_wa_Zahanati: Chandarua chenye dawa na kupulizia kuta ndani ya nyumba, maana huyo hupenda kuuma ndani na kupumzika ukutani. Na msiwatoe samaki wadogo majini kwa ajili ya chambo.

Mama Neema: Ahsanteni nyote wawili. Nyayo za ng'ombe zimejaa nyuma ya choo changu, kesho naanza.

Fundi Zege: Haya yote ya mpira wa maji ni kusumbuka. Mwageni zege upana wa mita mbili, mtasahau kazi kwa miaka ishirini. Mnapenda kazi ngumu tu.

Mwandishi: Zege ni la kudumu, na ndani ya mita 60 hilo lina sheria yake, nimeitaja juu kabisa. La pili, udongo wa kinamasi unavimba na kusinyaa, na zege bila msingi wa maana litapasuka misimu miwili haijaisha. La tatu, maji hayapenyi kwenye zege; yatakusanyika na kuteremka pamoja hadi pale zege linapoishia, na hapo ndipo patachimbika. Hatupendi kazi ngumu. Hii tunaifanya mara mbili kwa mwaka, asubuhi moja, watu kumi.

Fundi Zege: Nimekuelewa hapo pa zege kuishia. Nimeliona kwenye mtaro niliojenga mwenyewe.

Mwandishi: Basi wewe ndiye tunayekuhitaji. Pale kijito kinapokatiza njia, unatumia nini kuzuia maji yasichimbe chini ya kalvati?

Fundi Zege: Panga mawe makubwa upande wa kutokea maji, yakae kama sahani, yashuke taratibu. Yasiwe ya duara, yawe na pembe yashikane. Na mdomo wa kalvati usiachwe unaning'inia juu.

Odhis wa Kisumu: Hamjambo. Hapa kwetu Dunga watu hukata mafunjo kila siku, husuka mikeka na vikapu, na kinamasi kipo. Mbona nyinyi mwaogopa kukata kama ni dhambi?

Mwandishi: Nimelifurahia sana swali hili. Mafunjo na matete si kitu kimoja. Ziwani mafunjo mara nyingi hufuma zulia linaloelea: maji yakipanda, zulia nalo linapanda, kisiki hakizami. Matete yetu yameshika ardhini, maji yakipanda yanayaacha chini. Halafu, kwa ninavyojua, msusi huchagua bua lililokomaa na kuacha changa. Sisi tulikata yote kwa saa nne. Nisahihishe kama nakosea.

Odhis wa Kisumu: Hujakosea. Nyanya yangu alikuwa akikata bua moja moja, na kipande alichokata hakurudi kwa karibu mwaka. Shida iliingia watu walipoanza kuchoma ili walime mboga. Pale palipolimwa, mafunjo hayakurudi vizuri.

Mwandishi: Mwambie nyanya asante. Kipande kupumzika mwaka, nitaliongeza kwenye daftari letu.

Musoma_Kando: Na gugumaji? Limejaa ghuba yetu ndogo. Tunalivuta, wiki mbili limerudi.

Mwandishi: Linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, kwa hiyo mkivuta nusu na kwenda nyumbani mmepoteza siku. Vuteni sehemu ndogo mpaka iishe, zuieni mlango wake kwa kamba yenye madumu matupu, ndipo mwende sehemu inayofuata. Lirundikeni mbali ambako maji hayafiki hata yakipanda. Mkiliona lina makovu madogomadogo kwenye majani, ni mbawakawa walioachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Wapo upande wenu, na rundo linalong'atwa hivyo livuteni mwisho, ndilo kitalu chao.

Kijana_Majengo: Mkuu, umesahau kusema miche ya msesewe inapatikana wapi. Na nikiupanda, wapika mbege (pombe ya ndizi inayotiwa gome la msesewe) si watauchuna magome?

Mwandishi: Watauchuna, tumepoteza miwili hivyo. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti unakufa. Tulikwenda kuwaona akina mama wanaopika mbege mtaani, tukaongea nao kwa heshima. Tukakubaliana tutapanda sita nje ya eneo la kinamasi kwa ajili yao, wachune matawi tu, ya kando ya maji yabaki. Mwaka wa tatu huu, hakuna uliochunwa. Miche tunaotesha wenyewe: okota matunda yaliyoanguka, yafikiche kwenye ndoo ya maji, chukua mbegu zilizozama, panda ndani ya siku chache kabla hazijakauka.

Kijana_Majengo: Kwenye kiriba au kitaluni moja kwa moja?

Mwandishi: Kitalu chenye mchanga kwanza, kivuli cha majani ya mgomba, ukiona majani manne hamishia kwenye kiriba. Njoo Jumamosi asubuhi, nina miche kumi na tano iliyozidi.