Jinsi ya kupima mwanga uliopolarishwa kwa miwani ya jua

Mwanga ni wimbi linalotetema kukingama njia linayopita. Mwanga wa jua au wa balbu hutetema pande zote bila mpangilio: huo haujapolarishwa. Ukibakizwa mtetemo wa upande mmoja tu, umepolarishwa. Kwa macho matupu ni vigumu mno kuitambua tofauti hiyo, kwa hiyo tunatumia kichujio kinachopitisha mtetemo wa upande mmoja tu, kama lenzi ya polaroidi.

Andaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, kompyuta mpakato ya skrini ya LCD, kipimapembe na kipande cha kioo cha dirisha. Kama huna miwani, bandua kichujio cha mbele kwenye skrini ya kalkuleta mbovu. Cha nyuma mara nyingi kina utando wa rangi ya fedha, kiache.

1. Tazama balbu kupitia lenzi moja huku ukiizungusha. Balbu itafifia, lakini kwa kiasi kilekile kila upande. (Usijaribu kwa kulitazama jua, hata ukiwa na miwani.)

2. Mwanga wa skrini ya LCD hutoka ukiwa umepolarishwa. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, uutazame kupitia lenzi ileile. Zungusha mpaka ung'ae kabisa, kisha endelea: kwenye nyuzi 45 mwanga hubaki nusu, nyuzi 60 robo, na nyuzi 90 skrini huwa karibu nyeusi. Isipofifia popote, umeuziwa plastiki ya rangi tu. Ukiona rangirangi badala ya giza, kama inavyotokea kwenye simu, chanzo huwa ni plastiki ya kulinda skrini, inayouvuruga mtetemo kabla haujafika kwenye lenzi.

3. Laza kioo juu ya meza nyeusi karibu na dirisha, utazame mwako wake (mwanga wa dirisha unaoakisiwa na kioo) kwa pembe ya nyuzi 56. Hapa ndipo wengi hukosea: pembe hupimwa kuanzia mstari uliosimama wima juu ya kioo. Ukipima kuanzia usawa wa kioo, ni nyuzi 34. Shika lenzi kama inavyovaliwa, mwako utazimika. Ilaze ubavu, utarudi. Kwa maji, tumia nyuzi 53. Kioo cha kujitazamia hakifai, kwa sababu nyuma kina metali, nayo haipolarishi hivyo.

4. Rudi kwenye skrini, zungusha lenzi mpaka giza, kisha pitisha rula ya plastiki angavu kati ya skrini na lenzi. Michirizi ya rangi itatokea, na itasongamana pale plastiki ilipoganda ikiwa na mkazo, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu.